Pumzi Kabla ya Neno la Kwanza

Nilifika kwenye mashamba ya ngano ya serikali nikiwa nimetoka kumaliza kidato cha nne. Kwetu ni milimani, upande wa Mbulu, ambako baba na mama walilima mahindi na maharage na kufuga ng'ombe wachache waliolala ndani ya nyumba pamoja nasi kwa sababu ya baridi. Nilipoteremka tambarare za Hanang kwa mara ya kwanza nilishangaa jinsi ardhi inavyoweza kwenda mbali bila kupanda wala kushuka. Ngano ilianzia nyuma ya nyumba za wafanyakazi na kuishia mahali ambapo macho yalichoka.

Niliajiriwa kupiga chapa. Kazi hiyo niliipenda, kwa kuwa mashine ya chapa haimuulizi mtu kitu. Lakini kabla ya mwaka kuisha, kijana aliyekuwa akihudumia redio ya upepo alihamishiwa shamba jingine, na meneja akaniita akaniambia kwamba kuanzia kesho yake nitashika redio. Aliona nina Kiswahili kizuri na naandika haraka. Hakujua kwamba tangu shule ya msingi nilikuwa na shida moja ambayo sikuwahi kumweleza mtu. Nikiambiwa niseme mbele ya watu, kifua kilijifunga. Nilivuta hewa, nikavuta tena, na kadiri nilivyovuta ndivyo nilivyozidi kukosa. Sauti ikitoka, ilitoka nyembamba kama ya mtoto aliyelia sana. Kanisani kwetu niliwahi kupewa somo la kusoma Jumapili, nikasimama pale mbele nikaifungua Biblia, na baada ya mstari mmoja baba yangu akaja akasimama kando yangu akalimalizia somo. Hakunigombeza. Nafikiri ingekuwa nafuu angenigombeza.

Kazi ya redio ilikuwa hivi. Kila asubuhi mashamba yote yaliita makao makuu, moja baada ya jingine, kutoa taarifa: mvua imenyesha kiasi gani, dizeli imebaki kiasi gani, mashine ipi imeharibika, eka ngapi zimelimwa au kuvunwa. Kila shamba lilisikia taarifa za wenzake. Sisi tuliitwa Ngano Tatu. Upande wa makao makuu alikuwapo mwanamume ambaye sote tulimjua kwa sauti tu. Ilikuwa sauti nzito, kavu, isiyo na salamu. Mtu akikosea alisema neno moja: "Rudia."

Wiki ile ya kwanza nilirudia mpaka nikaona aibu kupita kantini. Nilibonyeza kitufe, nikaanza kusema, na katikati ya taarifa ya dizeli hewa iliisha. Niliachia kitufe nikiwa nahema. Kisha sauti ile ikasema, "Ngano Tatu, rudia," na wahudumu wa redio wa mashamba mengine wote walikuwa wakisikiliza. Meneja alinishauri kwa upole nivute pumzi nyingi kabla ya kuanza. Nilivuta nyingi kweli, nikaona vinyota.

Baada ya muda kifua kilianza kuniuma hata nikiwa nyumbani, nikajiambia nimeshikwa na pumu. Nilikwenda zahanati ya shamba. Mganga alinisikiliza kifuani na mgongoni, akasema mapafu yangu hayana neno, akanipa vidonge vya maumivu. Nilipokuwa nikitoka, mkunga wa pale akaniita kwenye chumba chake. Alikuwa mama mnene wa makamo, mwenyeji wa Dirma, mtu wa jamii ya wafugaji aliyesomeshwa na misheni, na wanawake wa pande zote walimwamini, wa nyumba za wafanyakazi na wa maboma ya huko porini. Nilimwamkia, akaitikia, akanitazama nilivyosimama.

"Pumua nione," alisema.

Nikapumua. Akacheka kidogo, bila kunidharau, akasema mabega yangu yamepanda mpaka masikioni. Aliuliza yananipata saa ngapi, nikamweleza habari za redio, na kwa sababu ambayo hata sasa siijui nikamweleza pia habari za somo la kanisani. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaweka kiganja chake juu ya tumbo langu, chini ya mbavu.

"Mwanangu, wewe hukosi hewa," alisema. "Hewa imekujaa. Debe limejaa na wewe unataka kuongeza maji. Mwaga kwanza."

Alinifundisha palepale, tukiwa tumekaa kwenye kitanda cha kuzalishia. Nitoe pumzi taratibu kwa mdomo uliobanwa kidogo, kama mtu anayepoza uji wa moto bila kuumwaga, mpaka tumbo lirudi ndani lenyewe. Nikifika mwisho nisiharakishe kuvuta. Niache mwili ufungue wenyewe, hewa iingie kwa pua na ishuke chini ambako mkono wake ulikuwa. Mabega yasifanye kazi, kwa kuwa si kazi yao. Nilijaribu, na mara ya kwanza nilikohoa. Mara ya pili nikapata kizunguzungu, akaniambia nina pupa, nipulize polepole zaidi. Baadaye, sijui ilikuwa mara ya ngapi, nilihisi kitu kikilegea nyuma ya mbavu, mahali ambapo sikujua kwamba pamekaza.

Nilimuuliza aliyajulia wapi mambo hayo. Alisema hivyo ndivyo anavyowaelekeza wanawake wenye uchungu kila siku, lakini aliyajifunza kwa ajili yake mwenyewe kwanza. Alipokuwa mwanafunzi hospitalini huko milimani, mikono ilimtetemeka kila alipomwona mama amefikia wakati. Mtawa aliyemfundisha alimtoa nje ya chumba, akamsimamisha ukutani, akamwambia asirudi ndani mpaka awe ametoa pumzi yote ya woga. "Mikono bado hutetemeka siku nyingine," aliniambia. "Natoa pumzi, naingia."

Nilianza kufanya mazoezi asubuhi nikienda kazini. Njia yangu ilipita kando ya mstari wa miti iliyopandwa kuzuia upepo, na saa ile hakukuwa na watu isipokuwa madereva waliokuwa wakipasha mashine moto. Nilitembea nikitoa pumzi kwa urefu wa miti kadhaa, kisha nikiacha iingie. Jioni nilifanya tena nikiwa nimelala chali na kikombe cha bati juu ya tumbo. Nilikitazama kikipanda na kushuka. Mwenzangu niliyekaa naye chumba kimoja alidhani ni dawa ya kienyeji, akaniuliza inatibu nini.

Mabadiliko hayakuja kwa siku moja. Zipo asubuhi nilizofanya yote niliyofundishwa na bado sauti ile ikaniambia nirudie. Ila taratibu niligundua jambo juu ya redio yenyewe. Ukibonyeza kitufe na kusema papo hapo, neno lako la kwanza linakatika, halifiki. Inabidi ubonyeze, ungoje kidogo, ndipo useme. Wahudumu wengi waliona kungoja kule ni usumbufu. Kwangu kulikuwa msaada. Nilitoa pumzi yote, nikabonyeza, na katika ule muda wa kungoja hewa iliingia yenyewe, ikanikuta tayari. Nilianza kusema kwa sentensi fupi, nikiachia kitufe kila nilipomaliza jambo moja. Siku moja nilitoa taarifa nzima, ya mvua, dizeli na mashine, nikasema "ova", nikasubiri kuambiwa nirudie. Sauti ikasema, "Nimekupata, Ngano Tatu," ikaita shamba lililofuata. Kisha nikaenda zahanati kumwambia mkunga, lakini alikuwa akimzalisha mama mmoja, nikaishia kuzungumza na mlinzi wa mlangoni.

Moto ulitokea wakati wa mavuno ya mwaka uliofuata, alasiri, wakati ambapo upepo wa kule huwa umeshachachamaa. Ngano ilikuwa imekauka kabisa. Meneja na wataalamu wote walikuwa shambani, nami nilikuwa peke yangu ofisini. Dereva wa pikipiki aliingia mbio bila kubisha, uso umejaa vumbi, akasema kombaini moja, mashine ya kuvunia, imeshika moto kwenye shamba la chini na ngano imeanza kuungua. Alisema meneja amemtuma aniambie niombe msaada wa maboza ya maji na trekta zenye haro za kutifulia udongo kutoka mashamba yote ya jirani, haraka, kisha dereva akaondoka tena. Dirishani niliuona moshi, mweusi chini na wa kijivu juu, ukilala upande mmoja kwa nguvu ya upepo.

Nilishika kipaza sauti. Redioni watu wawili walikuwa wakizungumzia mikanda ya mashine, na mmoja akilalamika kwamba ameletewa isiyo saizi yake. Nilibonyeza, nikafungua mdomo, na kifua kikajifunga vilevile kama siku ile kanisani. Kilichotoka sijui kama kilikuwa neno. Yule wa mikanda aliendelea na habari zake. Nilijaribu tena, nikasikia sauti ya makao makuu ikisema, "Aliyeingia, rudia."

Nilikiweka kipaza sauti mezani. Ninakumbuka vizuri jinsi nilivyoona kwamba ninafanya kosa kubwa, shamba linaungua nami nimeweka mikono tumboni. Lakini nilijua kwamba nikibonyeza tena katika hali ile nitapoteza muda mrefu zaidi. Nilitoa pumzi. Mwanzoni ilitoka vipande vipande, ikitetemeka. Niliendelea kuipuliza mpaka tumbo likarudi ndani, nikangoja, hewa ikaingia na kushuka. Nikarudia tena, ya pili ikatoka kwa mkupuo mmoja. Ndipo nikakichukua kipaza sauti, nikabonyeza, nikangoja kidogo.

"Wote nyamazeni," nilisema. "Makao makuu, hapa Ngano Tatu. Tuna moto shambani. Ngano inaungua. Ova."

Sauti ile ikaja, nzito kama kawaida lakini ya upole zaidi. "Ngano Tatu, nimekupata. Shamba lipi, na upepo unaelekea wapi? Ova."

Nilimjibu kwamba ni shamba la chini, karibu na barabara ya korongoni, na upepo unatoka mashariki. Niliachia kitufe, nikatoa pumzi, nikabonyeza tena nikaongeza kwamba moto unaelekea kwenye maboma ya wafugaji, na kwamba tunaomba maboza na trekta za haro. Alizigawa kazi papo hapo. Shamba hili lilete maji, lile lilete trekta mbili zipite upande wa magharibi zikate njia ya moto, lile jingine libaki kwanza. Kila mmoja alijibu kwa zamu. Nami nikawa kiungo kati yao na watu wetu, nikipokea habari kwa dereva wa pikipiki aliyekuwa akienda na kurudi, na kuzipeleka hewani.

Moto wenyewe sikuuona. Nilikaa kwenye kile chumba mpaka jua lilipozama, nikiusikia kwa maneno ya watu. Nilisikia kwamba boza la kwanza limefika. Nilisikia kwamba akina mama kwenye maboma wametoka na watoto na ndama kwenda upande wa korongo. Baadaye nilisikia kwamba wanaume wa wafugaji wamekuja na matawi na ngozi zilizoloweshwa maji na wanaupiga moto pembeni pamoja na vibarua wetu. Hawakuja kwa ajili ya ngano. Nyanda zile zilikuwa malisho yao kabla ya kulimwa, na kila mtu pale alijua walivyolionea uchungu jambo hilo. Walikuja kwa sababu moto ulielekea kwa watoto wao. Hata hivyo walifanya kazi bega kwa bega na watu ambao juma lililotangulia walikuwa wamefukuza ng'ombe wao. Wakati wote huo, kabla ya kila neno, nilitoa pumzi kwanza. Niliacha hata kutambua kwamba ninafanya hivyo.

Giza lilipokaribia meneja aliingia mwenyewe, nyusi zimeungua, akaketi sakafuni akaegemea ukuta. Alisema umezimika. Shamba moja la ngano lilikuwa limekwisha lote na kombaini ilibaki chuma kitupu, lakini moto ulikatwa kabla ya kufika kwenye maboma, na hakuna aliyekufa. Dereva wa kombaini alikuwa ameungua mikono. Nilikwenda kumwona zahanati. Nilimkuta mkunga amekaa karibu yake huku mganga akisafisha vidonda, akimwambia kwa sauti ya chini apulize, apulize tena, asishikilie. Yule mwanamume mzima alikuwa akipuliza kwa utii, machozi yakimtiririka. Mkunga alinyanyua macho akaniona mlangoni. Alisema amenisikia. Gari la shamba jirani lililomleta majeruhi, naye mkunga akiwamo, lilikuwa na redio, na njia nzima walikuwa wakisikia sauti yangu.

Siku chache baadaye lilikuja gari kutoka makao makuu kuleta betri mpya ya redio. Aliyeshuka nayo alikuwa mwanamume mfupi, mwembamba, wa umri wa baba yangu, aliyevaa sweta ingawa kulikuwa na jua kali. Nilimwamkia shikamoo. Aliposema "marahaba" niliitambua ile sauti, nikashindwa kuamini kwamba inatoka kwenye kifua kidogo kama kile. Alikuwa na haya. Alifunga betri bila kunitazama, akajaribu redio, na alipomaliza akasimama akiwa kama mtu mwenye swali.

"Kuna jambo nimekuwa nikitaka kukuuliza," alisema hatimaye. "Kabla hujasema huwa nasikia upepo kwenye redio yako. Nilidhani ni mlingoti wenu una kasoro. Mafundi nimewatuma mara mbili."

Nilicheka mpaka nikalazimika kukaa. Kumbe wakati mwingine nilibonyeza kitufe kabla pumzi haijaisha, na mashamba yote yalikuwa yakinisikia nikipuliza. Nilimweleza habari yote. Hakucheka. Aliniambia kwamba kila asubuhi, wakati wa taarifa, mkuu wao husimama nyuma ya kiti chake na kusikiliza, na shamba likikosea yeye ndiye anayekemewa. Alisema huvuta sigara mbili kabla ya kuketi, na bado shingo inamkaza mpaka mchana. Neno "rudia" alilitamka kwa ukali kwa sababu alikuwa anaogopa. Nilimwonyesha nilivyofundishwa. Alisimama pale kati ya redio na dirisha na sweta lake, akapuliza, mabega yakapanda, nikamwambia ayaache. Baada ya kujaribu mara kadhaa akasema inampa usingizi. Nilimwambia hiyo ni dalili nzuri. Tangu siku hiyo, asubuhi, kabla hajaita shamba la kwanza, nilikuwa nasikia upepo mdogo kutoka makao makuu, kisha sauti yake ikianza na "habari za asubuhi", jambo ambalo wenzangu wa mashamba mengine walilizungumzia kwa muda mrefu bila kujua chanzo chake.

Nisije nikaonekana najisifu, niseme pia kwamba nilipoolewa na kujifungua mtoto wangu wa kwanza, palepale zahanati, nilisahau kila kitu. Mkunga alikuwa yuleyule. Aliniambia nitoe pumzi, nami nikamwambia maneno ambayo binti wa kanisa hapaswi kuyasema. Aliniacha niseme. Maumivu yalipopungua aliniambia kwamba wote husahau, wanafundishwa tena, na kwamba hata mimi niliyekuwa mwanafunzi wake mzuri sitapewa upendeleo. Tukaanza upya, uchungu mmoja baada ya mwingine, yeye akipuliza nami nikimfuata, mpaka mtoto alipolia.

Mashamba yalidumu miaka kadhaa baada ya hapo, kisha yakaanza kudhoofika. Vipuri vilikuwa haba, kombaini zikasimama kwenye nyasi, na redio ikawa na mashamba machache ya kuitwa kila asubuhi. Mwishowe tuliambiwa turudi makwetu. Mume wangu na mimi tulipata kipande cha ardhi upande wa Gehandu, tukalima na kufuga. Mkunga alistaafu akarudi Dirma, na mpaka alipofariki nilikuwa nikimtembelea kila nilipopata nafasi, ingawa katika mazungumzo yetu hatukugusia tena habari za pumzi. Tulizungumzia wajukuu na bei ya mbuzi.

Kifua changu hakijapona kabisa, kama kupona ndiyo neno lake. Kwenye mikutano ya kijiji, nikinyoosha mkono na kupewa nafasi, bado nahisi kikianza kujifunga. Mwaka fulani tulikuwa tunabishana na halmashauri juu ya bwawa la kunyweshea mifugo, wakulima upande mmoja na wafugaji upande mwingine, na sauti zilikuwa zimepanda. Niliposimama nilinyamaza kwa muda. Watu walidhani natafuta maneno, mmoja akanitania kwamba mama amesahau alichotaka kusema. Maneno nilikuwa nayo. Nilikuwa nasubiri pumzi iishe kutoka. Kisha nikasema tuliyokubaliana akina mama, kwamba bwawa liwe na njia mbili, ya mifugo chini na ya ndoo juu, na nikakaa. Pendekezo letu halikupitishwa siku ile. Lilipitishwa mkutano uliofuata, na aliyelisimamia alikuwa mzee mmoja wa wafugaji, ambaye baadaye aliniambia kwamba alinisikiliza kwa sababu sikuwa na haraka.